Neno "charge" la Kiingereza: jinsi ya kutambua ni mzigo gani unaotajwa

Anayetoka Kondele asubuhi kwenda mjini Kisumu hukutana na neno hili hata kabla hajafika anakokwenda. Kibanda cha fundi kimeandikwa "Phone charging". Kwa wakala wa pesa, karatasi iliyobandikwa ukutani inasema "withdrawal charges". Zahanati ina mlango ulioandikwa "Nurse In-charge". Na akipitia kortini kusikiliza kesi ya jamaa yake, karani anasoma "the charge". Herufi ni sita zilezile, maana ni nne. Kamusi ndogo za shule huzipanga maana hizi moja baada ya nyingine bila kueleza undugu wake, na mwanafunzi hukariri orodha inayomtoka kichwani siku ya mtihani.

Undugu wenyewe upo, na ukiushika hutahitaji orodha. Kiingereza kilichukua neno hili kutoka Kifaransa cha kale, "charger", lililomaanisha kupakia mzigo. Nalo lilitokana na Kilatini cha baadaye, "carricare", kupakia gari, kutoka "carrus", gari la kukokotwa. Ndiyo maana "car", "cargo" na "carry" ni ndugu zake. Basi kila ukutanapo na "charge", fikiria mkokoteni uliosimama sokoni na ujiulize: nani au nini kimepakiwa mzigo, na mzigo huo ni nini? Simu imepakiwa umeme. Mteja amepakiwa malipo. Mshukiwa amepakiwa lawama. Muuguzi amepakiwa jukumu. Shamba limepakiwa mkopo.

Mkokoteni utakufikisha kwenye maana. Kuandika sentensi sahihi ni kazi nyingine, na hapo penye taabu ni vihusishi, yaani vile vineno vidogo vinavyofuata.

Kwa nini "kwa" inatuponza

Kiswahili kina "kwa" moja inayofanya kazi nyingi. Tunasema "alishtakiwa kwa wizi", "alilipa kwa ukarabati", "simu iko kwa chaji", na sikio halioni tofauti. Kiingereza kinataka kihusishi tofauti kila mahali, na kihusishi hicho ndicho kinachobadilisha maana.

Ikifuata "with", mzigo ni kosa au jukumu: "charged with theft", "charged with a duty". Ikifuata "for", mzigo ni pesa, na kinachotajwa baada yake ni kile kinacholipiwa: "charged for the repair". Ikifuata "to", pesa zinaandikwa mahali fulani, kama akaunti au bili. "Against" hutangulia mtu anayelaumiwa: "the charges against him". "At" ina sura mbili. Baada yake akitajwa mtu au kitu, ni kuvamiwa: "the bull charged at us". Ikitajwa asilimia, ni kiwango cha malipo: "VAT is charged at 16 per cent". Hakuna anayemvamia mwenzake kwa asilimia, kwa hiyo sentensi hizi mbili hazichanganyiki ukisoma hadi mwisho.

Kosa linaloonekana zaidi katika maandishi ya Kenya ni "He was charged for stealing a cow". Mwandishi alikuwa na "kwa wizi" kichwani akachukua "for". Msomaji mwingine atahisi kama mtu huyo aliandikiwa bili ya wizi. Andika "charged with stealing a cow". "Charged of" nayo haipo kabisa. Inatokana na "accused of", ambayo ni sahihi. Kwa hiyo ni "accused of" lakini "charged with", na mbili hizi hazibadilishani vihusishi.

Simu na betri

"My phone is in charge." Sentensi hii utaisikia Nakuru, utaisikia Busia, na anayeisema anamaanisha simu iko kwa chaji. Kwa Kiingereza amesema simu ndiyo msimamizi wa mahali hapo. "In charge" humhusu anayeamrisha, basi. Simu iliyochomekwa ni "on charge", au kwa urahisi zaidi "charging": "My phone is charging."

Maneno ya kila siku ya kibandani yana njia zake. "Niwekee simu kwa chaji" ni "Please charge my phone for me". "Simu imeisha chaji" ni "My battery is dead" au "My phone has run out of charge". "Simu iko chaji kidogo" ni "My battery is low". Na lile lalamiko ambalo fundi hulisikia kutwa, "simu haikai na chaji", ni "The battery doesn't hold its charge". Hapa "charge" ni nomino, na humaanisha umeme uliomo ndani, si tendo la kuuingiza. Fundi akiandika kwenye kikaratasi "not charging", shida iko kwenye tundu, waya au chaja. Akiandika "not holding charge", shida iko kwenye betri yenyewe. Tofauti ya neno moja ndiyo tofauti ya kusafisha tundu na kununua betri mpya, kwa hiyo soma kikaratasi kabla ya kutoa pesa.

Maana ya kisayansi ni hiyohiyo ikiwa imepimwa. Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyeanza kulitumia neno hili kwa umeme, katika miaka ya 1740. Darasani tunasema chaji chanya na chaji hasi, na kipimo chake ni coulomb, yaani umeme wa ampea moja unaopita kwa sekunde moja. Betri iliyoandikwa 5,000 mAh (miliampea kwa saa, na miliampea 1,000 ni ampea moja) inataja chaji: ni ampea 5 kwa saa moja, na kwa kuwa saa ina sekunde 3,600, ni coulomb 18,000. Mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi waone kwamba "charge" ya kitabuni na ya simuni ni moja, aanze na hesabu hii.

Pesa

Kitenzi hiki hubeba vitu viwili kwa mpangilio maalumu: kwanza anayelipa, kisha kiasi, halafu "for" na huduma. "She charged me 300 shillings for the repair." Usiweke "to" wala "from" mbele ya anayelipa. "Charged from me" ni kosa. Kwa bahati nzuri "kutoza" ya Kiswahili ina umbo lilelile: alinitoza shilingi 300. Ukikwama, tunga kwanza kwa "kutoza", kisha ufuate mpangilio huo.

Kila malipo si "charge". Nauli ya matatu ni "fare". Karo na ada ya wakili ni "fee". Bidhaa iliyo mezani ina "price". Faini ni "fine". "Charge" hukaa vizuri kwenye huduma, na hutazama upande wa anayetoza. Kwa hiyo kwa fundi, kinyozi au mwenye boda utauliza "How much do you charge?", lakini mbele ya fungu la nyanya katika soko la Wakulima, Nakuru, ni "How much are these?". Mwuza nyanya akiulizwa "How much do you charge?" ataelewa, ila ni kama kumwuliza anatoza ada gani ya kusimama na nyanya.

Dereva anayerudi kortini na kusema "I was charged five thousand" amechanganya mbili. Korti ilimpiga faini: "I was fined five thousand". "Charged" ilitokea mapema, aliposomewa shtaka.

"Free of charge" na "at no charge" zote ni bure. "Service charge" kwenye mkataba wa nyumba ni pesa za ulinzi, usafi na taa za ngazi, na mara nyingi haimo ndani ya kodi, kwa hiyo uliza kama kiasi ulichotajiwa ni pamoja nayo au bila. Mhudumu wa hoteli Naivasha akiuliza "Shall I charge it to your room?", hataki pesa sasa, anataka kuiandika kwenye bili ya chumba utakayolipa ukiondoka. Na Mmarekani akisema "Charge it", anamaanisha atalipa kwa kadi, yaani iandikwe deni. Mzigo umepakiwa, haujashushwa.

Jihadhari pia na jirani yake wa herufi moja. "Change" ni chenji. Kwenye ujumbe wa haraka "r" na "n" hubadilishana, na "keep the charge" badala ya "keep the change" haina maana yoyote. Kimatamshi "charge" ina "a" ndefu, kama "chaaj" bila irabu mwishoni. "Change" inasikika "cheinj".

Kortini

Hapa ndipo kosa la tafsiri linaweza kumharibia mtu jina, kwa hiyo nenda polepole. Mambo hufuatana hivi: "arrested" ni kukamatwa. "Charged" ni kushtakiwa rasmi. Kisha "plea", kujibu shtaka. Kesi husikizwa, halafu mtu huwa "convicted", amepatikana na hatia, au "acquitted", ameondolewa hatia. Adhabu, iwe kifungo au faini, huja baada ya hapo. Kichwa cha habari "Man charged with murder" hakisemi kwamba ameua. Tafsiri ni "Mwanamume ashtakiwa kwa mauaji". Anayeiandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kama "muuaji" amevuka hatua zote zilizobaki, na Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Katiba hiyohiyo inalitumia neno hili kwa uzito. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi wa korti. Huko, mara ya kwanza, ashtakiwe, au aelezwe kwa nini anaendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Ibara ya 50 inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani unaomwezesha kulijibu, na ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya korti. Anayeelewa Kiluo, Kibukusu au Kiswahili pekee asikubali kujibu neno ambalo hajalielewa. Aombe litafsiriwe kwanza.

Hati ya mashtaka yenyewe, "charge sheet", husomeka kwa mkato. Chukua mstari huu: "Stealing stock contrary to section 278 of the Penal Code." "Stock" hapa ni mifugo. "Contrary to" ni kinyume na. Kwa hiyo: wizi wa mifugo kinyume na kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu. Chini yake huja "particulars", maelezo: siku gani, mahali gani, ng'ombe wa nani. Mara nyingi hufuata "alternative charge", shtaka mbadala, kama vile "handling stolen goods" chini ya kifungu cha 322. Watu wengi huhesabu mbadala kama kosa la pili na kuondoka wakidhani jamaa yao ana mashtaka mawili. Sivyo. Shtaka mbadala lipo ili lile kuu likishindwa kuthibitishwa, korti iangalie hili. Mashtaka mawili ya kweli huandikwa "Count I" na "Count II".

"Press charges" husemwa sana kwenye filamu, kana kwamba mlalamishi ndiye anayeamua. Nchini Kenya uamuzi wa kushtaki uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mlalamishi hupiga ripoti na kutoa ushahidi.

Jukumu, na wale walio chini yake

"The committee was charged with raising money for the burial." Anayetafsiri haraka ataandika kwamba kamati imeshtakiwa kwa kuchangisha pesa za mazishi, na familia nzima itasimama kuuliza kulikoni. Maana ni: kamati ilikabidhiwa kazi ya kuchangisha. Angalia kitendo kilicho baada ya "with". Kama ni kosa kisheria, ni shtaka. Kama ni kazi ya halali, ni jukumu. Lakini "charged with handling the money" inaweza kuelemea pande zote mbili, na wewe unayeandika kumbukumbu za chama usiiache hivyo. Andika "given the task of".

"In charge of" na "in the charge of" zinapishana kwa kineno kimoja na kugeuza mambo juu chini. "The aunt is in charge of the child": shangazi ndiye msimamizi. "The child is in the charge of the aunt": mtoto ndiye anayetunzwa. Ukiangusha "the" kwenye sentensi ya pili, mtoto amekuwa mkubwa wa shangazi yake. Njia ya kuepuka ni kuanza kila mara na anayesimamia na kutumia "in charge of" peke yake.

Hapa kwetu "in-charge" imekuwa nomino kamili: tunasema "nenda kwa in-charge", tukimaanisha mkuu wa zahanati. Kila Mkenya anaelewa, na hakuna haja ya kuliondoa mdomoni. Kwenye barua inayokwenda nje ya nchi, andika "the nurse in charge", maana msomaji wa huko hajalizoea kama cheo.

Sheria ya Trafiki inatumia maneno hayo kwa upana wake wote: mlevi aliye "in charge of" gari barabarani anaweza kushtakiwa hata kama hakuwa akiliendesha. Jukumu la gari liko mikononi mwake hata likiwa limesimama.

Wasomaji wa kurasa za michezo wana maana yao pia. "The coach urged his charges to stay calm." Hakuna kesi wala bili. "Charges" ni wale waliokabidhiwa mtu awaangalie, na hapa ni wachezaji: kocha aliwasihi vijana wake watulie. Ni mtindo unaopendwa sana na wanahabari wa spoti wa Kenya. Matroni wa bweni naye ana "charges" wake, yaani wanafunzi.

Kwa kuvamia, inatosha kumtazama fahali wa Shinyalu au Ikolomani asubuhi ya pambano. Akiinamisha kichwa na kuja mbio moja kwa moja, "he charges". Akimchoma mwenzake pembe akiwa amesimama palepale, hajafanya hivyo. Lazima kuwe na mbio na shabaha. Kwenye kandanda, kumsukuma mpinzani kwa bega huitwa "charge" pia, na huwa kosa pale inapofanywa kwa uzembe au kwa nguvu kupita kiasi. Katika raga, "charge down" ni kumkimbilia mpigaji teke na kuuzuia mpira kwa mwili.

Shamba lenye "charge"

Maana hii haifundishwi shuleni, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Mnunuzi wa ploti anaomba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, anapewa karatasi yenye sehemu tatu. Part A inaeleza kipande chenyewe na ukubwa wake. Part B inataja mwenyewe. Part C inaitwa "encumbrances section", na "encumbrance" ni mzigo, kwa hiyo mkokoteni wetu bado unafaa. Akikuta hapo neno "charge" na kiasi cha pesa, asidhani ni ada ya ofisi iliyobaki kulipwa. Maana yake ni kwamba shamba limewekwa rehani kwa mkopo wa kiasi hicho. Mkopeshaji ana haki juu yake, na akikosa kulipwa anaweza, kwa kufuata sheria, kuliuza.

Maneno mawili ya Sheria ya Ardhi ya 2012 huwachanganya hata waliosoma. "Chargor" ni mwenye shamba anayekopa, na "chargee" ni mkopeshaji, kwa kawaida benki au sako. Watu huyageuza kwa sababu wanafikiria pesa, na pesa hutoka kwa benki. Fikiria mzigo badala ya pesa: anayeupakia juu ya shamba lake ni mwenyewe, naye ndiye wa "-or". Anayepokea dhamana ni wa "-ee". Sheria hiyo pia inataka, shamba likiwa ndilo boma la ndoa, mwenzi anayeishi hapo aridhie kwenye hati, la sivyo rehani hiyo haisimami. Kwa hiyo mke anayeletewa karatasi yenye neno "charge" atie sahihi akiwa anajua anaridhia nini.

Kushusha mzigo

Kila "charge" inaweza kufuatwa na "discharge", kushusha. Betri iliyoisha ni "discharged". Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ni "discharged", na karatasi anayopewa, "discharge summary", aitunze kwa kliniki ijayo. Lakini muuguzi akiuliza "Any discharge?" akitazama kidonda, anauliza kama kinatoa usaha au majimaji. Hakuulizi kama uliruhusiwa.

Kortini, "discharged" si sawa na "acquitted". Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, ameachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Anayerudi nyumbani Mumias au Molo akiwa "discharged" atunze karatasi zake na nambari ya kesi.

Na shamba nalo hushushiwa mzigo. Mkopo ukilipwa wote, deni limekwisha, ila "charge" haifutiki yenyewe kwenye rejista. Mkopeshaji lazima atie sahihi hati ya "discharge of charge", na hati hiyo isajiliwe katika ofisi ya ardhi ya eneo lilipo shamba. Wengi huichukua benki, huikunja, huiweka kabatini pamoja na hatimiliki, na miaka baadaye mnunuzi anakuta Part C ingali imejaa. Ikishasajiliwa, omba upekuzi mpya, usome Part C kwa macho yako, na usiondoke dirishani kabla hujaona kwamba "charge" haipo tena.